Fundo la Apolonia

Apolonia alikuwa na namna yake ya kufunga mfuko. Alizungusha kamba mara mbili, akaipenyeza ncha chini ya mzunguko wa kwanza, kisha akaizamisha ndani kabisa isionekane. Mama yake ndiye aliyewafundisha, yeye na kaka yake Ambrosi, na katika vilima vya Kilolo hapakuwa na mwingine aliyefunga hivyo.

Ambrosi alisoma. Apolonia alibaki jikoni, akimtwangia unga wa kwenda nao bweni, na hakuwa na kinyongo. Mwaka 1956, Ambrosi aliporudi kijijini na kaptula ya kaki, akiwa msaidizi wa bwana shamba, dada mtu alitembea kifua mbele kana kwamba naye amehitimu.

Ambrosi alikuja na makopo ya unga mweupe wenye harufu ya uvundo.

"Hii ni dawa ya mahindi," aliwaambia majirani waliokusanyika uani kwa Apolonia. "Ukiitia kwenye kihenge, fukusi hawagusi punje."

"Na sisi tutazigusa?" aliuliza mzee Jailos.

"Mzee, ulanzi wote ule unaokunywa haujakuua, ndiyo ikuue hii?"

Watu wakacheka, na Jailos mwenyewe akacheka. Ambrosi akapanda kwenye kihenge cha dada yake akanyunyiza kwa mkono wake. Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Kama amemtilia dada yake, walisema, basi.

Mwaka ule mahindi yalitoka kihengeni mazima kama siku yalipovunwa. Ya ugali Apolonia aliyakoboa, akayaosha na kuyaloweka, kama walivyofanya wanawake wote. Ya uji wa Skola, binti yake aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, hakuyakoboa wala kuyaosha. Ambrosi alikuwa amemwambia hivyo siku ile ya kunyunyiza dawa, akiwa anajipangusa mikono: nguvu ya mtoto imo kwenye pumba, ukiosha unaimwaga. Harufu iliyobaki kwenye punje haikumtisha Apolonia. Dawa ni dawa, aliwaza. Iliyolinda mahindi haiwezi kumdhuru mtoto. Wakubwa walikula ugali, viazi, maharage, mboga za majani. Skola alikunywa uji asubuhi, akanywa uji mchana, na jioni akabembelezwa amalizie uliobaki.

Kisha akaanza kutetemeka. Vidole kwanza, halafu mwili mzima, macho yakageuka yakabaki meupe. Wanawake walisema ni degedege. Apolonia alidandia lori la mbao mpaka Iringa mjini, alikoishi Ambrosi, mtoto mgongoni, mfuko wa mahindi kichwani, maana mtu haendi kwa kaka yake mikono mitupu.

Hospitali walimpa mtoto dawa ya homa, ingawa mwili wake ulikuwa baridi. Nyumbani kwa Ambrosi, wifi yake Yustina alimpikia Skola uji sufuria moja na watoto wake. Kutetemeka kukapungua, kukaisha. Kabla mwezi haujaandama, mtoto alikuwa akikimbiza kuku. Apolonia alimshukuru kaka yake kwa machozi, wakarudi Kilolo.

Mvua za kwanza zilimkuta Skola amelala chini kando ya jiko, povu mdomoni, bakuli la uji limemwagika.

Wakashuka tena Iringa. Ambrosi alikuwa kazini. Yustina alimpokea mtoto, akamlaza, akakoka moto.

"Wifi, nichotee mahindi ya uji. Yale ya darini, yanayopigwa moshi."

Apolonia alikuwa anapanda ngazi alipouona mfuko wake kwenye kona, nyuma ya majembe. Kamba ilikuwa imezungushwa mara mbili. Ncha ilikuwa imezama ndani.

"Wifi, mfuko wangu hamkuufungua?"

"Kaka yako alikataa," alisema Yustina, akipuliza moto. "Una ile dawa, alisema, nisiwape watoto. Nilijua amekwambia."

Apolonia alimchotea Yustina ya darini, akashuka ngazi. Akaufungua mfuko, akachota, akasaga, akapika.

Ambrosi aliporudi jioni alikuta kikombe mezani.

"Kamwene, mdogo wangu. Skola anaendeleaje?"

"Amelala. Kunywa uji, umechoka."

Alikiinua kikombe. Harufu ilimfikia kabla ya uji. Akatazama kwenye kona, akauona mfuko uko wazi, akakirudisha mezani.

"Wa moto bado."

"Nitangoja upoe."

Ambrosi akamwita kwa jina la utotoni.

"Poli, tuliambiwa ni ya mbegu tu, si ya chakula. Halafu bwana mkubwa akataka vihenge vyote vitiwe. Watu walikuwa wanakataa. Nilijua wakiona umekubali wewe..."

"Nikakubali."

"Nilijua mnaosha. Wanawake wote wanaosha."

"Wewe ndiye uliyeniambia ya mtoto nisioshe."

Ambrosi alimtazama kama mtu anayepewa habari ngeni. Hakukumbuka. Maneno ambayo Apolonia aliyashika kama sala, yeye alikuwa ameyadondosha tu akijipangusa mikono. Hilo ndilo lililomchoma Apolonia kuliko mengine yote. Uji ukaweka utando juu, na hakuna aliyekigusa kile kikombe.

Skola alipopata nafuu, Apolonia alishusha mahindi ya darini bila kuomba. Yustina alimshikia mdomo wa mfuko mwingine. Yakiisha haya, mtoto atakula viazi.

"Nitakuja mwenyewe kuwaeleza watu," alisema Ambrosi mlangoni.

"Usije. Wakikuona watadhani umeleta nyingine. Nitawaambia mimi."

Alimbeba Skola mgongoni. Kidole kimoja cha mtoto kilikuwa bado kinachezacheza shingoni mwake. Akainama, akaufunga mfuko kwa fundo la kawaida, lile ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua.