Lengalenga Nyuma ya Nyumba

Harufu ya samadi mbichi ya ng'ombe iliyokandwa kwa udongo na majivu huwafanya wengine wakunje pua. Mimi hunitia njaa. Kila kiangazi, nyumbani kwetu Mururu, Maman aliikandika nyumba upya, na siku hiyo alipika maharage mengi kuliko kawaida. Mimi na dada yangu tulikanyaga udongo mpaka magotini, Maman akaupaka ukutani kwa viganja, kisha akamalizia kwa ingwa, ule udongo mweupe unaoifanya nyumba ya miti na matope ionekane imevaa nguo za kanisani. Kutoka mlangoni tuliuona mto Rusizi kule chini, na ng'ambo yake Bukavu, ambako Papa alifanya useremala wiki nzima na kurudi Jumamosi.

Mwaka nilipokuwa na miaka tisa, Maman aliingiwa na hamu ya bustani. Kiwanja chetu kilikuwa mteremko mtupu. Ukipanda kitu, mvua inakishusha kwa jirani. Udongo mweusi na laini ulikuwa mahali pamoja tu, katika mfereji wa nyuma ya nyumba ambao babu aliuchimba ili maji ya mlimani yapite pembeni. Miaka ilikuwa imeshaujaza nusu, nasi tukamalizia kwa maganda ya ndizi na takataka za jikoni, Maman akapanda lengalenga, yaani mchicha. Koko, yaani nyanya yetu mzaa baba, alitutazama akasema, “Batoto, muachie maji njia.” Tukaitika, “Ndiyo, Koko,” na tukaendelea kujaza, maana aliyetutuma ni Maman, na mkono wa Maman ulikuwa mwepesi wa kupiga. Lengalenga ikastawi vibaya sana. Majirani walikuja kuomba majani, Maman akawagawia huku akijifanya hazisikii sifa, na mimi nikatembea kifua mbele kana kwamba nimeiotesha peke yangu. Papa aliila kila Jumamosi, akaisifu, na hata siku moja hakuuliza inaota wapi.

Kisha mvua zikaanza. Mimi nililala na Koko katika chumba cha nyuma, na asubuhi moja niliona ingwa kando ya kitanda imegeuka kijivu. Maman akafanya alichokijua: akakandika. Ukuta wenye doa ulimwaibisha mbele ya majirani kuliko mtoto mwenye kamasi. Doa likarudi kubwa zaidi, akakandika tena, tope bichi juu ya ukuta uliokwisha kulowa, mpaka ukuta ukaota kitambi. Jumamosi Papa aliugonga kwa kidole. Baada ya chakula alimgeukia Koko.

“Mama, hii nyumba itaanguka, kuanzia chumba yako. Utaenda Bweyeye kwa dada yangu, mupaka nitajenga ingine.”

Bweyeye iko kando ya msitu wa Nyungwe, na siku zile kufika huko kulikuwa ni kutembea tu, kupanda na kushuka. Miguu ya Koko ilikuwa imevimba. Akienda harudi, sote tulilijua hilo, na yeye alilijua kutuzidi. Hakubisha. Alianza kukunja vitenge vyake kimoja kimoja juu ya kitanda. Nilimwogopa Maman, lakini kumkosa Koko niliogopa zaidi.

“Papa,” nikasema, “maji haina njia. Tulipanda lengalenga mu mufereji.”

Nilisubiri kofi. Maman alinitazama, akaitazama ile kazi ya vitenge, akatoka nje. Tulipomfuata tulimkuta ameinama, anang'oa lengalenga yake kwa mikono miwili. “Muniache,” alisema Papa alipotaka kumsaidia. “Ni miye nilifunga maji.”

Kesho yake, tulipotoka kanisani, Papa na jirani yetu mmoja walichimba wakiwa bado na mashati meupe. Mvua ilitukuta pale pale. Hakuna aliyekimbilia ndani. Maji yaliteremka mlimani, yakaingia mferejini na maganda yetu ya ndizi, yakakata kona ya nyumba yakaenda zake, na Papa akapiga kelele kama mtu aliyeona bao. Niliruka, nikacheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Ukuta ulibanduliwa tope lote, ukaegemezewa miti, ukaachwa ukauke, na Koko akarudisha vitenge sandukuni. Aliishi chumbani mle miaka saba zaidi, na ndimo alimofia, nasi sote tukiwa karibu.

Leo nakaa Kamembe, katika nyumba ya matofali ya kuchoma na saruji. Rangi namwita fundi anapaka, na lengalenga naipanda kwenye magunia. Ni nyumba nzuri kuliko ile, siwezi kudanganya. Mvua ikinyesha nalala usingizi. Maman anaishi nami, na siku hizi anasahau. Mwaka jana aliacha bomba wazi, maji yakajaa sebuleni, rangi ikavimba ukuta mzima. Alisimama katikati ya maji amejishika mdomo. Kaka yangu mdogo alipiga simu kutoka Kigali, akasema pengine sasa ingefaa nimpeleke kwake, huko atapata mtu wa kumwangalia. Anampenda, najua. Nilimwambia ukuta utakauka, na Maman haendi popote.