Gari la Mpima Ardhi

Sindano alikuwa fundi wa viti vya magari. Jina hilo alipewa na wateja kwa kuwa hakukosa sindano kwenye ukosi wa shati, hata msibani. Miaka thelathini na ushei alishona viti vya magari ya watu huku yeye akienda kazini kwa baiskeli. Gari alilolitamani maishani lilikuwa moja tu: gari dogo la michezo la zamani, viti viwili, pua ndefu, mali ya mpima ardhi wa mtaa wa pili. Yeye mwenyewe ndiye aliyelishonea viti vya ngozi, miaka ishirini nyuma.

Gari hilo lilikuwa na msiba wake. Miaka saba baada ya viti kufungwa, giza likianza kuingia, mpima ardhi alitoka nalo barabarani akagonga ukingo wa daraja. Yeye alivunjika mbavu. Binti yake wa pekee, wa miaka kumi na tisa, alifia palepale. Mpima ardhi alisema taa zilizima ghafla. Wakaguzi walikuta fyuzi imekatika, wakasema ilikatika kwa kishindo. Mtaani wakasema alikuwa amelewa. Alilinyoosha pua, akalifunika turubai uani, hakuliwasha tena. Mwaka jana alifariki, na mjane wake, mwalimu mstaafu wa jiografia, akamwita Sindano.

"Lichukue," alimwambia. "Sitaki pesa, sitaki shukrani. Nataka nikifungua dirisha asubuhi nisilione."

Sindano alilichukua kwa furaha aliyoionea haya. Mkewe alilizunguka mara moja, akasema, "Haya, sasa nina wagonjwa wawili. Wewe na mgongo wako, na hili."

Kweli, gari liliumwa. Betri mpya ilikufa baada ya siku mbili. Akaichaji, ikafa tena. Ndipo Sindano alipoandika maswali yake kwenye kipande cha boksi na kumpelekea jirani yake wa karakana, fundi umeme wa magari, mwanamke mnene mwenye maneno, aliyeitwa Mama Chaji.

"Niliuziwa betri mbovu?"

"Betri nzima. Gari likilala, nayo inatakiwa ilale. Yako inakesha. Kuna mahali umeme unavuja."

"Nikiweka kubwa zaidi?"

"Tangi linavuja, wewe unatafuta tangi kubwa! Litavuja kwa muda mrefu zaidi, basi."

"Nikiifungua, nianze na upande gani?"

"Ule uliofungwa kwenye bodi ya gari. Kwako ni hasi. Ukianza na mwingine, spana ikagusa bodi, utaona cheche za harusi. Wakati wa kufunga, huohuo uwe wa mwisho. Umeandika, mzee wangu?"

Aliandika. Mama Chaji akafungua waya wa hasi, akaweka taa ndogo ya kupimia katikati. Kila kitu garini kilikuwa kimezimwa, lakini taa ikawaka. Akawa anachomoa fyuzi mojamoja, na alipochomoa ya tatu, taa ikazima.

"Hizi waya zinaenda nyuma. Zinapita chini ya kapeti, upande wa abiria. Nibandulie."

Sindano alibandua kapeti aliyoigundisha kwa mikono yake. Chini yake skrubu ya reli ya kiti ilikuwa imepita katikati ya fungu la waya. Plastiki ilikuwa imeungua, nyeusi ti.

Mama Chaji aliacha kutania. "Nani alifunga kiti hiki?"

"Mimi."

"Huu mwembamba ni wa taa ya buti. Ndio unaokula betri." Akagusa mwingine kwa ncha ya bisibisi. "Huu ni wa taa za nyuma, fyuzi yake ni moja na zile kubwa za mbele. Uliungua zamani. Ukigusa bodi, fyuzi inakatika, na taa zote kwisha."

"Mbona hazikuzima siku ile nilipofunga?"

"Siku ile skrubu iligusa plastiki tu. Kiti kikitikisika, inakula plastiki kidogo kidogo. Inaweza kuchukua miaka."

Sindano aliketi chini, kwenye sakafu ya karakana. Mama Chaji akainama karibu yake. "Mzee, nabadilisha waya, tunafunga skrubu fupi. Tunaojua ni wawili tu."

Nyumbani mkewe naye alimsihi. "Ukimwambia mjane, utamrudishia nini? Mtoto hatarudi."

"Mumewe ameingia kaburini akiitwa mlevi," Sindano alijibu. Siku ya nne alikwenda kwa mwalimu, ile skrubu na kipande cha waya vikiwa kwenye karatasi.

Mwalimu alimsikiliza amesimama. "Rudia," alisema. "Polepole." Sindano akarudia.

Mwalimu aliuchukua waya, akaugeuzageuza kwenye mwanga. "Aliniambia," alisema. "Palepale hospitalini aliniambia taa zimezima, nami nikamwambia asinisogelee. Miaka kumi na miwili alilala kwenye kochi la sebuleni. Akikohoa, naongeza sauti ya redio."

"Mwalimu, kosa ni langu."

"Lako nimelisikia. Ondoka kwanza, tafadhali."

Mwalimu aliandika barua kwa wakaguzi. Walimjibu kwamba jalada la zamani hivyo halipo tena. Basi akaanza kupita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba mume wake hakuwa amelewa. Wengine walimkaribisha kiti na kumwonea huruma, wengine hawakumkumbuka hata huyo mume. Ndipo alipokuja karakana.

"Wanasema mjane amechanganyikiwa. Njoo useme wewe."

Sindano alivua aproni. Walitembea wiki nzima, yeye hatua mbili nyuma yake. Kwenye kila mlango mwalimu alisema jina la mumewe, kisha akasogea pembeni, na Sindano akasema, "Ni mimi niliyetoboa waya wa taa." Katika nyumba moja alitemewa mate. Katika nyingine mteja wake wa siku nyingi alifunga mlango kabla hajamaliza. Kufikia mwisho wa mwezi hapakuwa na gari hata moja mbele ya karakana yake.

Siku ile walipomaliza mtaa wa mwisho, mwalimu alikata kona kuelekea kwake bila kuaga, na Sindano akabaki amesimama njiani, miguu imevimba, asijue kama amesamehewa au ameachiliwa tu.