Selpher Aliyezifungia Jezi

Kwa miaka tisa Selpher Nyale alizifua jezi za klabu yetu ya kandanda, Mishomoroni Shupavu, kwa mikono, nyuma ya chumba chake cha kupanga. Maji ya kisima cha pale yana chumvi, sabuni haitoi povu, kwa hiyo alinunua maji matamu kwa pesa yake ya kuuza mahamri. Klabu, kwa ukarimu wake, ilimlipa kiti cha plastiki pembeni ya benchi na jina la "Mama wa Timu".

Januari tukapata wakurugenzi wapya watano, wakiongozwa na Nicanor Tsuma, mfanyabiashara wa Nyali aliyegundua kwamba anaipenda kandanda pale tu uchaguzi ulipokaribia. Waliinua mbele yetu hundi ya kadibodi, ndefu kama mlango: shilingi milioni mbili. Tulipiga makofi mpaka viganja vikatuwasha. Walipomaliza kupigwa picha, hundi ilirudishwa garini taratibu isikunjike. Kadibodi nayo ni mali.

Kufika Juni, milioni mbili zilikuwa bado njiani. Kutoka Nyali hadi kwetu si mbali, lakini huenda zilikuja kwa miguu. Wachezaji walikuwa na miezi minne bila posho. Nguma, mlinda lango wetu, alivunjika kidole akafungwa kipande cha ubao na kitambaa. Wakurugenzi hawakumtupa: walimtumia ujumbe kwamba wanamwombea.

Kidole hicho ndicho kilichomkera Selpher. Jumamosi ya mechi yetu na timu ya Changamwe, nahodha Kai alipofuata jezi alikuta kufuli mlangoni, na Selpher amekaa kizingitini akimenya vitunguu.

"Shikamoo, mama. Jezi ziko tayari?"

"Marahaba, mwanangu. Zimepigwa pasi kabisa. Lakini hazitoki mpaka Tsuma aje atueleze zile pesa ziko wapi."

"Mama, tukikosa kutokea tunapokonywa pointi tatu!"

"Mmepokonywa posho ya miezi minne, na sikusikia mkipiga kelele hivi."

Mashabiki tukajaa uani. Ni aibu kusema, lakini wengi wetu tulimkasirikia yeye, si Tsuma. Mmoja alidai amenunuliwa na Changamwe.

"Ningekuwa nimenunuliwa, ningekuwa nafua kwa mashine," akajibu. Baadaye aliniambia alikuwa akimwomba Mungu yule bwana afike upesi, maana naye alitaka kuiona mechi.

Tsuma alifika. Simu zetu zilikuwa hazimtoi nyumbani, lakini alipoambiwa kuna kijana anarusha mambo hayo moja kwa moja mtandaoni, gari lake lilipaa.

"Mama, mambo ya ndani huzungumzwa ndani," akanong'ona.

"Ndani kwangu ni chumba kimoja, mheshimiwa. Hundi yako haitaenea. Tuzungumzie hapa."

"Ile hundi ilikuwa ishara ya nia yetu njema."

"Haya. Kai, waambie wenzako leo wavae nia."

Uani pakalipuka kwa kicheko, na kicheko kilipokwisha tulikuwa upande wake. Kwenye meza ya mahamri, juu ya karatasi ya daftari, Tsuma aliandika kiasi ambacho kila mkurugenzi angetoa na tarehe ya kukitoa. Kwamba mashabiki watatu wangeonyeshwa taarifa ya benki kila mwezi. Na kwamba asiyetoa anaondoka. Akatia sahihi huku jasho likimtiririka. Selpher akafungua kufuli.

Tulipofika uwanjani, mwamuzi alikuwa ameshaondoka na pointi zetu tatu.

Wakurugenzi wawili walitoa walichoandikiwa. Wengine watatu, Tsuma akiwamo, waligundua katika wiki moja kwamba familia zao zinawahitaji sana, wakajiuzulu kwa barua zenye maneno yaleyale. Posho zililipwa. Nguma alipelekwa hospitali, ingawa kidole kilishapona kimepinda. Selpher tukamchagua kuwa mmoja wa wale mashabiki watatu, naye taarifa ya benki huisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka mweka hazina anaomba maji.

Msimu ulipoisha, timu iliyopanda daraja ilituzidi kwa pointi mbili. Wapo wanaomkumbusha hesabu hiyo kila Jumapili mlangoni pa kanisa. Yeye huwa hawabishii.

"Najua," husema. "Mimi pia nililia."