Kampuni Iliyokula Pepeta ya Swaumu

Ukimsikia mtu anasema amewahi kushindana maneno na Swaumu binti Kondo wa Mbuchi akashinda, huyo mwongo, mnyime hata maji ya kunywa. Mume wake wa kwanza alijaribu. Sasa anauza mihogo Nyamwage, kando ya barabara kuu, katikati ya honi za malori, na anasema pale ndipo masikio yake yamepata kupumzika. Mume wa pili alikuwa na akili: alinyamaza mpaka Mungu alipomchukua.

Na sauti ile Swaumu hakuitafuta. Alizaliwa msimu wa kuamia ndege, mama yake akamlea juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu kinachojengwa katikati ya mpunga. Neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba. Lilikuwa "haaa", la kufukuza ndege. Sasa mtu aliyekua akibishana na kundi zima la ndege, wewe mmoja mwenye mdomo mmoja utamfanya nini?

Shamba lenyewe lilikuwa ukingoni mwa kijito, pale maji matamu ya mto yanapoyasukuma maji ya chumvi yarudi kwao. Mpunga unakubali pale hata mwaka ambao wengine wanachimba ming'oko, mizizi ya porini. Mama yake ndiye aliyelifyeka, akafa akamwachia, na Swaumu hakuwa na kingine. Hakuwa na duka, hakuwa na mtoto Dar es Salaam wa kumtumia mitumba. Alikuwa na shamba na koo.

Sasa huko ipo ada. Mpunga ukianza kukomaa, kabla haujakauka vizuri, unavunwa kidogo, unakaangwa, unatwangwa mpaka punje zinakuwa bapa. Hiyo ndiyo pepeta. Pepeta ya kwanza inaliwa juu ya dungu, na mwenye shamba hali peke yake. Jirani huyu analeta kambamiti, yule analeta nazi, mwenyeji anatoa mpunga na moto. Na kila aliyetia mkono kwenye sinia ile anadaiwa sauti. Mwenzako akipiga kelele shambani, iwe ni ndege, iwe ni nguruwe, iwe ni kiboko kaingia na tumbo lake, na wewe unapiga, hata kama uko chooni. Ukila ukanyamaza, hakuna atakayekugombeza. Ila mwaka unaofuata utatafuna pepeta na mkeo tu, watu wanakupita kama kisiki.

Basi ikaja ile miaka ya ruksa. Duka la ushirika likageuka nyumba ya popo, kila mwenye chake akawa anauza anavyotaka, na wageni wenye viatu vizuri wakawa wanaingia delta kama wamealikwa harusi. Siku moja boti ikasimama kijitoni kwa Swaumu. Wakashuka wanaume wanne, mbele yao mpimaji mmoja mrefu wa mjini, jina lake Zaidi. Wamebeba vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani.

"Shikamoo mama," Zaidi akasema.

"Marahaba. Suruali nyeupe hiyo unaitafutia nini kwenye matope yangu?"

"Tunapima maji tu, mama. Yanavyoingia na yanavyotoka."

"Maji yanaingia na kutoka tangu enzi za Nabii Adamu, na hakuna aliyelipwa mshahara kuyatazama. Haya, pandeni. Mna sura za njaa."

Ilikuwa ndiyo siku ya pepeta. Salima, jirani wa shamba la chini, alikuwa kaleta kambamiti. Biasha wa ng'ambo kaleta nazi. Wageni wakala mpaka sinia ikabaki inang'aa, na Swaumu akawaeleza ada yenyewe, kwamba kuanzia hapo wanadaiwa sauti. Zaidi akacheka, akasimama, akapiga "haaa" moja, ndege wakahama mpaka ng'ambo ya mto.

"Huyu ana koo," Swaumu akamwambia Salima. "Mji tu umemharibu."

Wakawa wanakuja kila siku, na kila siku wanakula. Na vigingi vikawa vinaota. Kimoja kwa Salima, kimoja kwa Biasha, kimoja katikati kabisa ya mpunga wa Swaumu. Akiuliza anaambiwa ni alama ya maji. Akaona si neno. Ndege wakitua juu ya kigingi anawalenga kwa kombeo vizuri zaidi.

Halafu ukaitishwa mkutano Kibiti. Watu wa delta wakapanda mitumbwi, wakapanda na lori la mkaa, wakafika wamepauka vumbi. Mbele yao akasimama meneja wa kampuni, tumbo linafika kabla ya mwenyewe, akaeleza kuwa kuanzia kigingi mpaka kigingi patachimbwa mabwawa ya kufugia kambamiti wa kuuzwa nje.

Mzee Mshamu, mwenyekiti wa kijiji, akauliza kama wenye mashamba waliulizwa.

"Walishakubali zamani," meneja akasema. "Vijana wangu walikaribishwa, wakalishwa kila siku mpaka wakanenepa. Wewe mzee, mtu usiyemtaka kwako ungempa chakula?"

Wale wa mjini waliokaa mbele wakacheka. Swaumu akamtafuta Zaidi kwa macho. Zaidi alikuwa anatazama viatu vyake kana kwamba vimeanza kuzungumza. Swaumu akasimama, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Fikiria. Sauti iliyomhamisha mume mpaka Nyamwage, leo imekwama. Hasira ilikuwa imekaa kooni kama mwiba wa samaki: haishuki, haipandi. Pepeta ya shamba la mama yake, kambamiti wa Salima, nazi ya Biasha, vyote vimegeuzwa sahihi ya kuuza shamba. Akakaa. Wakaambiwa mkutano wa kumalizia utafanyika Mbuchi kwenyewe.

Hakurudi moja kwa moja. Alishukia Mchukwi kwa shemeji yake Abubakary, aliyemuoa mdogo wake, mtoa dawa wa hospitali ya misheni. Mtu huyo hajawahi kuacha mzaha umpite.

"Karibu shemeji, mwenye hoteli. Nasikia delta siku hizi mnalisha bure, na shamba mnafunga kwenye kifurushi."

"Abubakary, leo usinichokoze. Nitakutafuna na kanzu hiyo."

"Nitafune taratibu, mdogo wako bado ana kazi na mimi." Akamsogezea kigoda. "Lakini kweli, hata jina lao linachekesha. Tulikuwa na daktari mmoja Mzungu hapa, mzee wa kupenda vitabu kuliko chakula. Siku moja nikamuuliza, hii kampuni maana yake hasa nini? Akasema neno la Waingereza, wamelitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa wamelirithi kwa Warumi wa kale. Kwa Warumi lilikuwa vitu viwili vimebanwa: pamoja, na mkate. Yaani watu wanaokula mkate mmoja."

Swaumu akaweka chini kikombe cha chai. "Rudia hapo kwenye mkate."

"Watu wanaokula mkate mmoja. Basi likatembea. Askari wanaokwenda vitani pamoja wakaitwa hivyo, sisi tukasema kombania. Wafanyabiashara waliochanga mali wakaitwa hivyo, sisi tukasema kampuni. Na mtu akija kukaa na wewe usiwe mpweke, ni hilo hilo, ndiyo maana hawa watoto wa Dar wanasema nipe kampani. Neno moja, shemeji, limeingia kwetu kwa milango mitatu."

Swaumu akaihesabu milango ile kwa vidole.

"Kwa hiyo walikuja kwangu kwa kampani," akasema. "Wakala, wakaondoka wameshakuwa kampuni. Nikikataa watarudi kombania."

"Mie sikusema hivyo."

"Limesema neno lao wenyewe. Waliokula pamoja. Hawa wanaokula peke yao jina hilo wamelipata wapi? Chui anakula peke yake, lakini hajiiti kampuni."

Na hapo mwiba ukatoka. Majirani wa Abubakary wanasema siku hiyo kuku wa Mchukwi waliacha kutaga. Alimtukana meneja, tumbo lake, na fundi aliyemshonea suruali huku akijua tumbo lile linakula cha nani. Alipomaliza akachukua kanga yake akarudi Mbuchi, na hasira yake imenyooka kama mkuki.

Ilikuwa bado haijapita wiki, Zaidi akaja. Peke yake, kwa mtumbwi wa kukodi, suruali kaikunja mpaka magotini. Akasimama chini ya dungu.

"Shikamoo mama."

Swaumu akarusha jiwe la kombeo juu ya kichwa chake, likapiga mpunga, ndege wakaruka. Salamu hakuitikia.

"Mama, nimekosa. Yale ya Kibiti sikuyapanga mimi. Nimekula kwako, siwezi kulala. Nimekuja kukitoa kigingi chako. Ramani nitaichora upya, ili mpaka upite nyuma ya shamba lako. Meneja hatajua."

Akaingia kwenye mpunga, akakitikisa kigingi, akakivuta mpaka kikatoka na matope. Akaja nacho kama mtu aliyeng'oa jino la mwenzie, anasubiri shukrani. Swaumu akashuka ngazi.

"Na cha Salima?"

"Cha Salima siwezi, mama. Nikitoa vyote nitafukuzwa kazi. Nimetoa chako kwa sababu nilikula kwako."

"Kwangu ulikula nini?"

"Pepeta. Na kambamiti."

"Kambamiti wa nani?"

Zaidi akaanza kufuta matope kwenye kigingi.

"Kambamiti wa Salima. Na nazi?"

"Sijui, mama."

"Ya Biasha. Mimi nilitoa mpunga na moto. Ulikula kwa watu watatu kwenye sinia moja, sasa unataka kumlipa mmoja, tena kwa kificho, kama mtu anayemhonga mke wa watu. Lete hapa."

Akamnyang'anya kigingi. Zaidi akadhani atakitupa mtoni. Swaumu akarudi nacho katikati ya mpunga wake mwenyewe, akakisimamisha kwenye shimo lile lile, akaokota mchi wa kutwangia, akakipiga. Alikipiga huku machozi ya hasira yanamtoka, na kila pigo lilikuwa linakwenda kwenye shamba la mama yake. Kikazama kuliko mwanzo.

"Hakitoki mpaka vitoke vyote," akasema, anahema. "Ukinipa mimi peke yangu, na mimi nitakuwa kampuni kama hiyo yenu. Kigingi sikudai. Nakudai sauti. Ulikula, ukaambiwa, ukacheka. Kibiti ndege wametua, ukatazama viatu. Mkutano ujao unajua ulipo."

Zaidi akaondoka bila kuaga, matope yamemfika kiunoni.

Siku ya mkutano kiwanja cha shule Mbuchi kilijaa. Swaumu alikaa mbele na Salima na Biasha, wamefunga kanga viunoni. Meneja akarudia wimbo wake: tulikaribishwa, tulilishwa, wenyeji wameridhia. Akamgeukia Zaidi ili athibitishe.

Zaidi akasimama. Swaumu aliliona koo lake linapanda na kushuka, na akajua mwiba ule unavyochoma. Hakumsaidia. Akamtazama tu.

"Walitulisha," Zaidi akasema, "kwa sababu ni ada yao kwa mgeni. Tuliwaambia tunapima maji. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa vigingi ni vya mabwawa. Hakuna aliyekubali chochote. Mimi ndiye niliyevipigilia, mimi najua."

Alisema kwa ile sauti ya kuamia ndege. Wa nyuma kabisa walisikia. Meneja akamwambia akae, kazi hana tena. Zaidi akasema ameshasikia, na hakukaa.

Hapo Swaumu akainuka. "Haaa," akapiga, moja tu. Na watu wote waliowahi kula pepeta yoyote kwenye dungu lolote la Mbuchi wakaipokea. Meneja alijaribu kuendelea, midomo inachezacheza, hakisikiki kitu. Akarudia, kelele ikapanda. Mwisho alifunga mkoba wake akaelekea kwenye boti, na kelele ikamsindikiza mpaka majini, kama wanavyosindikizwa nguruwe.

Jioni hiyo walivitoa. Walianza kwa Biasha, wakaja kwa Salima, cha Swaumu kikawa cha mwisho, na kilivyokuwa kimezama ikabidi wakivute wanaume watatu. Meneja alisikika akisema atarudi. Wanasema maneno mengi hao. Swaumu alivichukua vigingi vyote akavikata, akatengenezea ngazi ya dungu, vichwa vyekundu vimetazama nje, ili atakayekuja kwa boti avione kabla hajashuka.

Msimu uliofuata, siku ya pepeta, Zaidi akatokea tena. Alikuwa hana kazi, anauza betri na tochi huko Ikwiriri. Akapanda ngazi ile akikanyaga kazi yake mwenyewe, sinia imeshawekwa, Salima keshasogea kumpisha. Akanyoosha mkono.

Swaumu akamwekea kombeo kwenye kiganja.

"Wale pale wametua," akasema. "Chakula baadaye."