Safu Tano za Mzee Maulidi

Mzee Maulidi Akida alikuwa na mazoea ya kugeuza kila cheti cha dawa na kuangalia nyuma yake, ingawa nyuma hapakuwa na kitu. Alifanya hivyo miaka yote aliyokuwa mtoa dawa wa kituo chetu cha afya, karibu na Samuye. Waliokuwa kwenye foleni walimtania kwamba anatafuta hirizi. Yeye aliwajibu kuwa siku moja ataipata.

Mimi nilikuwa mganga wa kituo, nikiandika vyeti themanini kwa siku. Asiporidhika na cheti hakumrudishia mgonjwa. Alifunga dirisha, akaja mwenyewe chumbani kwangu kuninong'oneza. Kisha kila ushauri aliotoa aliuingiza kwenye daftari la shule alilolichorea safu tano: kuacha dawa, kupunguza, kuongeza, kubadilisha, kumweleza mgonjwa. Pembeni aliandika kama nimekubali. Hakuna aliyemtuma. Alisema anataka kujua tunakosea wapi zaidi, kwa kuwa kila mchovu ana mahali pake pa kujikwaa.

Mwaka 1981, wakati wa mvua, nilimwandikia Mama Chiku, aliyekuwa na kifafa, vidonge vitatu. Vilikuwa vya usiku tu. Mkono wangu ukaongeza "kutwa mara tatu", kama ulivyozoea kuandika kwa karibu kila mtu. Mzee Maulidi alikuja kuninong'oneza. Nilikuwa na mtoto wa degedege mezani. Nikamwambia, bila kumtazama, atoe kama ilivyoandikwa. Alitoa.

Siku ya nne Mama Chiku alisinzia jikoni, mkono ukaangukia motoni.

Wilaya ikamtuma mkaguzi. Jioni moja kabla hajafika nilikwenda dirishani, nikamwamkia Mzee Maulidi, nikamwomba auhamishe ule mstari kutoka "kupunguza" uingie "kumweleza mgonjwa". Ingesomeka kwamba mama alizidisha mwenyewe. Nilikuwa na watoto watatu, Donatus ndiye mkubwa, na kazi ni hiyo hiyo moja.

Alivua miwani, akafikicha macho.

"Mama Donatus," alisema, "nikiuhamisha, mwakani tutakuwa tunawafundisha watu namna ya kumeza vidonge tisa."

Mkaguzi alipokuja nilimfunulia ukurasa mwenyewe. Nikapewa barua ya onyo na uhamisho wa kwenda Ushetu. Mzee Maulidi naye alipata barua yake, kwa kutoa dawa aliyojua imezidi. Aliikunja akaitia mfukoni.

Mwaka uliofuata nilipita pale nikienda msibani. Basi lilisimama kushusha magunia, nikakimbilia dirishani. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia tu, sikuwahi kuuliza kitu.

"Marahaba. Anakuja kila mwezi, nampa vitatu vya usiku. Kifafa hakijarudi. Mkono ndiyo hivyo, hashiki jembe. Nenda, basi lisikuache."