Mama wa Uzi

Mama wa uzi, nyuma ya soko la Emali, hajawahi kutamka neno ndevu. Wanawake huja "kusafisha uso", naye hushusha pazia, huuma ncha ya uzi mweupe, huusokota vidoleni, kisha kichwa chake huanza kwenda mbele na nyuma kama cherehani, uzi ukinyofoa nywele usoni. Mdomo una kazi, kwa hivyo haongei. Akitaka ngozi ikazwe, hugusa shavu kwa kidole chenye poda. Mtandio wake hufunika kidevu hata jua likichoma vipi.

Ndila, msusi wa vyondo, vile vikapu vya nyuzi za mkonge zilizosokotwa, alimjia siku moja kabla ya arusi yake. Uzi ulipomgusa alianza kulia, na si kwa uchungu. "Wewe mama huwezi elewa," alisema. Mama akatema uzi, akateremsha mtandio. Kidevu kilijaa nywele nyeusi, ngumu. "Hizi zangu ziko na bidii kuliko zako," alisema. Machozi yalimkauka Ndila. "Na wewe hutolewa na nani?" Mama akakata uzi mpya, akamwekea mkononi. "Vidole vya kusokota unavyo. Uma hapa," alisema, akainua kidevu.