Pete ya Shingoni Iliyokwenda Pwani

Oktoba mwaka 2012, kiangazi kikiwa kimeacha maji katika mto Turkwel peke yake, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, mjane wa karibu miaka mitatu, na mwanafunzi wa mwaka wa pili katika darasa la watu wazima pale Lodwar. Nayataja haya pamoja kwa sababu yote yalikuwapo mezani Jumatatu ile ya tarehe 8, nilipotia sahihi karatasi nisiyoielewa.

Karatasi ililetwa na mratibu wa kikundi chetu cha ngoma. Kikundi kilikuwa cha wanawake wa Lodwar na wakimbizi wa Kakuma, na kilikuwa kimealikwa Mombasa, kwenye tamasha la sikukuu za mwisho wa mwaka, ambako familia za wageni hutazama ngoma na sarakasi kando ya bahari. Nyimbo zetu karibu zote nilizifundisha mimi. Mratibu alitaka pia mapambo ya kweli, si yale ya kuuzia wageni, akaulizia alagama yangu.

Alagama ni pete ya chuma ya shingoni, anayovishwa mwanamke akishaolewa kwa mahari kamili, na kwetu huhesabiwa kama mume mwenyewe. Yangu haikuwahi kutoka shingoni mwangu mpaka mume wangu alipofariki, Novemba mwaka 2009, nikaivua kama wajane wavuavyo. Katika ukoo wake pana desturi: binti anapoolewa, mama, hata akiwa mjane, huivaa pete yake kwa siku moja ile, na ndiye anayempaka binti mafuta kabla hajatoka katika boma la baba yake. Mama asiye na pete hukaa kando. Binti yetu alikuwa amekwisha kuposwa, na arusi ilitazamiwa kufanyika Katilu, kwa watu wa baba yake, msimu wa mvua.

Kwa hiyo nilisita. Mratibu akaniahidi kwamba nitasafiri pamoja na pete, na kwamba haitaniondoka machoni. Akauliza kama anisomee karatasi, na huku amekwisha kufungua pedi ya wino kwa ajili ya kidole changu. Niliisukuma ile pedi.

"Mimi nasoma," nilimwambia.

Ilikuwa kweli. Nilisoma Kiswahili. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza.

Tarehe 15 Desemba, Jumamosi, niliamkia kituoni na mkoba wangu. Mapambo yalikuwa yamekusanywa wiki moja kabla na kufungiwa sandukuni. Orodha ya wasafiri iliposomwa, sikuwamo. Mratibu akanivuta pembeni, akaniomba nisimwelewe vibaya. Wenyeji wa tamasha walitaka sura changa, alisema. Wageni huja na watoto wao, wamekuja kufurahi. Nikamwambia basi anipe pete yangu. Akaelekeza kidole juu ya basi, kwenye turubai.

"Lakini Mama, uliitoa kwa kikundi. Si uliandika mwenyewe?"

Ningeweza kupanda na kulifungua lile sanduku. Wenzangu wangenisaidia. Lakini sikutaka kuonekana nikigombania mizigo juu ya basi mbele ya wanawake niliowafundisha kuimba. Nikawaaga wote kwa mkono, mmoja mmoja.

Walirudi Januari bila pete. Mratibu alidai imebaki huko kwa maonyesho, itafuata. Mwezi huohuo, Alhamisi tarehe 17, nilikwenda Kakuma kwa mwanakikundi mmoja, mshonaji nguo kutoka Kongo, ambaye alikuwa hajui kunidanganya. Alinisalimu kwa "ejok" yake ya Kiturkana cha kujifunza, akanimiminia chai, nami nikamuuliza habari za pete.

Ndipo aliponieleza. Baada ya ngoma, wageni walipangwa foleni kando ya bwawa la kuogelea la hoteli, wakapambwa mmoja mmoja kama bibi arusi wa Kiturkana na kupigwa picha. Pete yangu ilizunguka shingo za kina mama na za watoto. Kisha baba mmoja mwenye kitambi alisukumwa mbele na wanawe, na watu wakacheka sana, kwa kuwa shingo yake haikuingia. Mratibu hakutaka kuwaudhi wale watoto. Akatafuta koleo, akaipanua pete. Mwishowe hoteli ikaiomba, ikatundikwa ukutani pale wageni wanapojiandikisha.

"Mama, miye niliona na macho yangu," alisema. "Lakini mutu wa kambi akisema, nani atasikia? Karatasi ya safari ilikuwa kwa mukono yake."

Nilimkasirikia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Alikuwa na watoto watano, na Mombasa alikwenda kwa kibali cha kutoka kambini cha siku ishirini na moja. Mimi sikuhitaji kibali cha mtu, na nilikuwa nimenyamaza vilevile.

Niliandika barua nne kwa mkono wangu, kila moja na tarehe yake, nikazipeleka kwa chifu. Kila mratibu alipoitwa, alikuwa safarini.

Arusi ilifanyika tarehe 4 Mei, 2013. Mvua ilikuwa nzuri, ng'ombe walikuwa wamenona, na watu wa bwana arusi waliimba tangu asubuhi. Nilikaa jikoni na wapishi. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alipita na kibuyu cha mafuta mkononi, pete yake ikimeremeta shingoni, akasimama ili asikike.

"Wifi, umesoma mpaka ukampeleka kaka yetu kwa wazungu, wamchezee."

Wanawake walicheka. Sahihi ilikuwa yangu. Yeye ndiye aliyempaka binti yangu mafuta. Binti alinitafuta kwa macho juu ya mabega ya watu, nami nikainamia sufuria kana kwamba wali ulikuwa ukiungua.

Pete ililetwa Ijumaa, tarehe 14 Juni, 2013, ofisini kwa chifu, ikiwa imezungushiwa kitambaa cha mezani cha hoteli. Mratibu alisema amekosa, na kwamba jambo la heri ni kuwa imerudi. Chifu aliandika mapatano kwa Kiingereza. Nikamwomba ayaandike kwa Kiswahili. Akashusha pumzi, akaanza upya. Niliyasoma mara mbili, neno kwa neno, wao wakingoja. Kisha nikaomba iongezwe tarehe ya arusi.

"Hiyo si sehemu ya shauri, Mama," chifu alisema kwa upole.

"Bila tarehe hiyo sitii sahihi."

Akaiongeza. Nilipokuwa nikingoja, niliitoa ile pete katika kitambaa nikaijaribu. Ilipita kichwani mwangu bila kufunguliwa, ikalala juu ya mabega kama kamba ya mnyama aliyekonda. Nikaivua, nikatia sahihi, chifu akapiga muhuri. Kwa mujibu wa karatasi ile, ambayo ninayo mpaka leo, nimerudishiwa mali yangu ikiwa kamili.